Utiririshaji wa Michezo ya Tarakilishi katika Miwani ya Uhalisia Pepe: Dhana ya Ukawiaji na Suala la Istilahi

Utangulizi

Istilahi ikilingana na dhana, humwongoza msomaji. Isipolingana nayo, humpotosha hata aliye makini. Neno utiririshaji limekwisha kuzoeleka katika Kiswahili kwa maana ya kupeleka sauti au picha kwa mfululizo, ili mtazamaji asilazimike kungoja faili nzima ishuke ndipo aitazame. Mzizi wake ni kitenzi tiririka, kinachotukumbusha maji yanayoteremka bila kukatika. Kwa anayetazama filamu kwenye simu, taswira hii inafaa: filamu iko kule, mtazamaji yuko huku, na kati yao pana mkondo.

Katika miaka ya karibuni neno hili limehamishiwa katika uwanja mwingine, yaani kupeleka michezo ya tarakilishi, bila waya, hadi kwenye miwani ya uhalisia pepe. Makala haya yananuia kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika na kuonyesha ni kwa nini taswira ya maji haitoshi kuieleza. Jambo linaloamua iwapo mchezo utachezeka ni muda unaopita tangu mchezaji ageuze kichwa hadi macho yake yaone matokeo ya mgeuko huo. Muda huo utaitwa ukawiaji. Asiyeielewa dhana hii huweza kulipia intaneti ya kasi zaidi bila faida, na bado akashikwa na kizunguzungu.

Miwani na Tarakilishi

Miwani ya uhalisia pepe ni kifaa kinachovaliwa kichwani na kuziba macho yote mawili. Ndani yake mna kioo kimoja au viwili vya kuonyesha picha, pamoja na lenzi mbele ya kila jicho. Kila jicho huonyeshwa picha yake, iliyochorwa kutoka pembe inayotofautiana kidogo na ya jicho la pili, na ubongo huziunganisha picha hizo kuwa mandhari yenye kina. Vihisi hupima mwendo wa kichwa, na mandhari hubadilika kufuatana na mwendo huo. Mvaaji akitazama juu huona mbingu ya mchezo. Akiinama huona sakafu yake.

Wazo lenyewe si geni. Mnamo mwaka 1968, mtaalamu wa Marekani Ivan Sutherland aliwasilisha kifaa cha kuvaa kichwani kilichounganishwa na mtambo ulioning'inizwa darini. Miwani ya Oculus Rift na HTC Vive, iliyoingia sokoni mwaka 2016, haikuning'inizwa popote, lakini ilifungamanishwa na tarakilishi kwa kebo. Mchezaji aliyejizungusha mara kadhaa aliizongomeza kebo hiyo miguuni mwake. Mwaka 2019 ilitoka Oculus Quest, ambayo ilibeba kichakato chake yenyewe na haikuhitaji tarakilishi. Hata hivyo, kichakato hicho kilikuwa cha aina inayotumika katika simu. Michezo mizito, kama vile Half-Life: Alyx iliyotolewa na kampuni ya Valve mwezi Machi 2020, iliendelea kuhitaji tarakilishi yenye kadi ya michoro ya nguvu. Ndipo lilipozuka swali hili: je, tarakilishi iweze kuchora na miwani ionyeshe, bila kebo kati yao?

Safari ya Picha Moja

Njia iliyoenea ya kulijibu swali hilo hupitia hatua tano. Kwanza, vihisi vya miwani hupima mahali kichwa kilipo na kinakoelekea, na vipimo hivyo hutumwa kwa Wi-Fi hadi kwenye tarakilishi. Pili, tarakilishi huchora picha mbili, moja kwa kila jicho, kana kwamba kamera imewekwa mahali hasa pa macho ya mchezaji. Tatu, picha hizo hubanwa ili zipungue ukubwa. Nne, hutumwa kupitia ruta hadi kwenye miwani. Tano, miwani huzisimbua na kuzionyesha. Kisha kazi huanza upya. Miwani inayoonyesha picha 90 kwa sekunde huhitaji picha mpya kila baada ya milisekunde 11 hivi.

Hatua ya kubana haiepukiki, na hesabu inaonyesha sababu. Chukua mfano wa miwani ya Quest 2, iliyotoka Oktoba 2020. Kila jicho lina pikseli 1832 kwa 1920, kwa hivyo macho mawili yana pikseli zaidi ya milioni 7. Iwapo rangi ya kila pikseli itaelezwa kwa biti 24, picha moja ya macho yote mawili itahitaji takriban megabiti 169. Zidisha kwa picha 90, na kila sekunde moja itadai gigabiti 15 na ziada. Wi-Fi ya kawaida ya nyumbani haiwezi kuubeba mzigo huo. Ukibanwa hadi megabiti 150 kwa sekunde, mzigo huwa umepunguzwa takriban mara 100.

Ubanaji huo hutegemea ukweli kwamba picha moja hufanana sana na iliyoitangulia. Badala ya kueleza upya ukuta ambao haujabadilika, tarakilishi hueleza tu kilichosogea na kilichozuka. Aidha, jicho la binadamu huona kwa ukali katikati ya upeo wake, na pembeni huona kwa ufifi. Baadhi ya programu huitumia hali hiyo kwa kuhifadhi ubora wa sehemu ya katikati na kubana zaidi kingo za picha. Mnamo Novemba 2025, kampuni ya Valve ilitangaza miwani iitwayo Steam Frame, ambayo hufuatilia mwelekeo wa mboni na kuelekeza ubora wa picha pale jicho linapotazama.

Tofauti na Filamu

Hapa ndipo taswira ya maji inapoanza kukwama. Mtu anapotazama filamu kwa utiririshaji, kifaa chake hupokea mapema sehemu ambayo bado hajaifikia na kuiweka akiba. Mtandao ukilegea kwa muda mfupi, akiba hiyo hutumika na mtazamaji hatambui lolote. Hili linawezekana kwa sababu filamu imekwisha kutengenezwa, na dakika yake ya ishirini ni ileile kwa kila mtazamaji.

Mchezo katika miwani hauna akiba ya namna hiyo. Picha ya baadaye haiwezi kuchorwa kabla ya wakati wake kwa kuwa haijulikani mchezaji atakitazamisha wapi kichwa. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataitambua tofauti hii. Hadithi iliyonaswa kwenye kanda huendelea, hadhira iwepo isiwepo. Fanani aliye mbele ya hadhira hutamka "Paukwa!" na kungoja "Pakawa!", na kila itikio huamua atakavyoendelea. Itikio likichelewa, utendaji hulegea. Miwani na tarakilishi huitikiana hivyo mara 90 kwa sekunde. Kwa hiyo, mawasiliano yao ni ya pande mbili, na sifa yake kuu ni wepesi wa jibu.

Ukawiaji na Mwili wa Mchezaji

Athari ya ukawiaji inaweza kukadiriwa. Tuseme mchezaji anageuza kichwa kwa kasi ya nyuzi 100 kwa sekunde, kasi ambayo si kubwa kwa binadamu. Ikiwa picha itachelewa kwa milisekunde 50, mandhari yatakuwa nyuma ya kichwa kwa nyuzi 5. Upana huo unakaribia ule wa vidole vitatu vya kati vikitazamwa kwa mkono ulionyooshwa. Ulimwengu mzima huonekana ukiyumba kwa kiasi hicho kila kichwa kinapogeuka. Ogani za sikio la ndani humwambia mchezaji kwamba amegeuka, ilhali macho humwambia kwamba bado. Mgongano wa taarifa hizo huweza kuleta kizunguzungu na kichefuchefu.

Kwa bahati nzuri, ipo mbinu ya kuupunguza mgongano huo. Picha inapowasili, miwani hupima tena mwelekeo wa kichwa, kisha huizungusha picha iliyopokewa ili ilingane na mwelekeo wa wakati huo. Mhandisi John Carmack alieleza mbinu za aina hii katika makala yake ya mwaka 2013 kuhusu kupunguza ukawiaji. Kutokana na mbinu hizi, ukawiaji ambao ungemwathiri mchezaji vibaya huweza kuvumilika. Hata hivyo, zina mipaka. Kuizungusha picha hurekebisha mgeuko wa kichwa tu. Mkono uliopunga upanga, au mpira uliorushwa, hubaki pale ulipokuwa wakati picha ilipochorwa. Pia, kichwa kikigeuka kwa ghafla, ukingo mweusi huweza kujitokeza kandoni kwa kuwa sehemu hiyo haikuwa imechorwa.

Chanzo cha Ukawiaji

Wengi huulaumu umbali wa hewani, lakini hapo hapana kosa. Mawimbi ya redio husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, na chumba cha mita tano hukivuka kwa muda usioweza kuhisiwa. Muda hupotea katika kuchora, kubana, kusimbua na, hasa, katika kungoja zamu. Wi-Fi huendeshwa kama baraza ambalo msemaji ni mmoja kwa wakati: kila kifaa husikiliza kwanza, na kikikuta njia inatumika, husubiri. Simu tatu zinazotazama video kupitia ruta hiyohiyo, pamoja na ruta za majirani zilizo kwenye masafa yaleyale, huirefusha foleni.

Kutokana na hayo, masharti ya utiririshaji mzuri yanaeleweka. Tarakilishi huunganishwa na ruta kwa kebo, ili data isipite hewani mara mbili. Ruta huwekwa katika chumba cha mchezo, kwa sababu masafa ya gigahezi 5 hudhoofishwa na kuta za mawe kuliko masafa ya gigahezi 2.4. Masafa haya ya chini hupenya vyema zaidi lakini yana msongamano mkubwa. Ikiwezekana, miwani hutengewa masafa ambayo hayashirikiwi na vifaa vingine. Ruta za Wi-Fi 6E hutumia pia masafa ya gigahezi 6, ambayo yana nafasi zaidi.

Masharti hayo hayataji kasi ya intaneti. Picha husafiri kutoka tarakilishi hadi ruta na kutoka ruta hadi miwani, zote zikiwa nyumbani. Anayebadili malipo yake ya mwezi kutoka megabiti 20 hadi 100 ataupakua mchezo kwa haraka zaidi, lakini picha haitaongeza wepesi wa kuifikia miwani. Neno utiririshaji, kwa kuwa limezoeleka katika habari za intaneti, ndilo linalolea dhana hiyo potofu.

Hali ni tofauti pale mchezo unapoendeshwa na tarakilishi ya mbali. Kutoka Nairobi hadi London ni takriban kilomita 6,800. Mwanga ndani ya kebo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Hata kebo hiyo ingenyooka kama uzi, kwenda na kurudi kungechukua milisekunde 68, kabla ya picha kuchorwa wala kubanwa. Hakuna malipo yanayoweza kuuondoa muda huo. Kinachohitajika ni tarakilishi iliyo karibu.

Programu Zinazotumika

Historia ya programu za kazi hii nayo ina funzo. Virtual Desktop, iliyobuniwa na Guy Godin, iliwawezesha wenye Oculus Quest kucheza michezo ya tarakilishi bila waya mwaka 2019. Mwezi Juni mwaka huohuo, mbunifu huyo alitakiwa kuondoa uwezo huo katika toleo lililouzwa kwenye duka rasmi la Oculus. Wachezaji waliendelea kuupata kwa njia ya kando hadi uliporuhusiwa tena Februari 2021. Miezi miwili baadaye, wenye Quest wenyewe walitoa Air Link, inayofanya kazi hiyohiyo. Ipo pia ALVR, ambayo ni programu huria, na mwishoni mwa mwaka 2023 Valve ilileta Steam Link katika miwani ya Quest. Jambo lililotiliwa shaka mwaka 2019 likawa la kawaida katika muda wa miaka miwili, na walioanza kulithibitisha hawakuwa kampuni kubwa.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kuwa mchezo unaopelekwa bila waya hadi kwenye miwani ya uhalisia pepe ni mfululizo wa maitikio kati ya vifaa viwili, na kwamba ukawiaji ndio kipimo chake kikuu. Si lazima neno utiririshaji liachwe, kwani limekwisha kukita mizizi, na lugha haiongozwi kwa amri. Linalohitajika ni kulifafanua kila linapotumika katika uwanja huu, na kuliweka sambamba na istilahi ukawiaji, ambayo bado haijapewa nafasi inayostahiki katika mijadala ya teknolojia kwa Kiswahili.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana wajibu hapa. Mara nyingi istilahi za teknolojia huundwa kwa kutafuta neno linalofanana na la lugha chasili, kisha utendaji wa kifaa chenyewe hauchunguzwi. Uundaji wa istilahi ungefaidika iwapo mwanaisimu angeketi na fundi, akauliza kinachotokea hatua kwa hatua, ndipo akachagua neno. Mchezaji atakayesoma maelezo ya Kiswahili yaliyoandikwa hivyo atajua mahali pa kuiweka ruta yake, na atajua pia malipo yasiyo na haja.