Kuvu wa Mba Hula Mafuta, Si Ugali

Kaa nusu saa kwenye kibaraza cha msusi pale Mabatini, Mwanza, kandokando ya barabara ya Nyerere, utasikia mba ikisingiziwa kila kitu. Huyu analaumu maji ya bomba, yule dawa ya nywele aliyopakwa mwezi uliopita, mwingine anaapa kuwa ni urithi wa kwao. Siku hizi lawama nyingi zimehamia kwenye sahani: acha chipsi, acha soda, kunywa maji mengi, mba itaondoka yenyewe. Humo mna ukweli kidogo, ila umekaa mahali pasipo pake.

Mhusika mkuu ni kuvu wa jamii ya Malassezia, mdogo asiyeonekana kwa macho, ambaye anaishi kwenye ngozi ya kichwa cha kila mtu mzima, mwenye mba na asiye nayo. Amepewa jina la Louis-Charles Malassez, mwanasayansi wa Kifaransa aliyemweleza mwaka 1874. Mwaka 2007 watafiti walichapisha ramani ya vinasaba vya aina mojawapo ya kuvu hawa, wakaona ajabu moja: hana uwezo wa kujitengenezea asidi za mafuta. Asipozipata kwa mwenyeji wake, hafi leo wala kesho, lakini hastawi. Kwa hiyo hutoa vimeng'enya vya kuvunja mafuta yanayotoka kwenye vinyweleo, akala asidi anazozipenda na kuacha nyingine, hasa asidi ya oleiki. Masalia hayo ndiyo yanayoichokoza ngozi ya mtu aliyeumbwa na ngozi ya kuchokozeka. Inawasha, seli zake zinazaliana kwa pupa, kisha zinabanduka zikiwa zimeshikana. Ndiyo yale magamba ya manjano yanayonasa kwenye meno ya kitana.

Sasa mtazame msusi. Anagawa nywele kwa ncha ya kitana, anaona magamba, anasema, "Dada, kichwa chako kikavu sana," na hapohapo anachota mafuta kwa kidole na kuyapitisha mstari kwa mstari. Kwa kuvu, hiyo ni karamu. Mafuta ya zeituni, yanayosifiwa kuliko yote, yamejaa asidi ya oleiki ileile. Ya nazi nayo yana asidi ambazo kuvu huyu anazitumia. Mafuta ya mgando yatokanayo na petroli hayamshibishi, lakini yanashikilia jasho na magamba chini ya rasta ambazo zitakaa wiki nne au sita bila kufumuliwa, katika joto hili la Mwanza. Kichwa kitang'aa siku mbili, mwasho utatulia, kisha utarudi na nguvu mpya, na mteja atarudi kuongezwa mafuta.

Je, chakula hakina neno kabisa? Kina, ila ni dogo kuliko linavyotangazwa. Utafiti mzuri niufahamuo katika jambo hili ulifanywa Rotterdam, Uholanzi, na kuchapishwa mwaka 2018. Watu 4,379 wa umri wa makamo na wazee walikaguliwa ngozi na kuulizwa wanachokula, na 636 kati yao walikutwa na ugonjwa wa ngozi ambao mba ndiyo sura yake nyepesi. Waliokula matunda mengi zaidi walikuwa na uwezekano wa kuugua uliopungua kwa takriban robo, ukiwalinganisha na waliokula machache. Kwa wanawake, mlo wa Kimagharibi uliambatana na ongezeko la karibu nusu. Lakini kuambatana si kusababisha. Mla matunda huenda pia ana nafasi ya kuoga, kulala na kutuliza mawazo kuliko asiyeyala. Wala wale si sisi: hakuna aliyewauliza habari za matobolwa ya viazi vitamu na dagaa.

Bado mimi ningemwambia mkazi wa Mabatini ale papai na embe msimu ukifika. Hayana hasara, na bei yake kwa wakati huo haiumizi.

Mahali ambapo chakula kina uzito wa kweli ni kwenye uimara wa ngozi na nywele zenyewe. Mtu akipungukiwa vitamini B2 au B6, ngozi ya pembeni ya pua, kwenye nyusi na kichwani hubanduka kwa namna inayofanana sana na mba. Akikosa zinki, ngozi huchelewa kupona na nywele hupukutika. Akikosa madini ya chuma, nywele hunyonyoka kidogokidogo hadi anashangaa kifundo chake cha nywele kimekuwa chembamba. Na mtoto aliyekosa protini hadi akapata kwashakoo, nywele zake hugeuka nyekundu na kung'oka bila maumivu. Daktari Cicely Williams aliieleza hali hiyo mwaka 1933 akiwa Ghana ya leo, na wauguzi wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kitabu ili kuitambua.

Hapa ndipo ziwa letu linapotupa nafuu. Dagaa huliwa mzima, kichwa, mifupa na utumbo, kwa hiyo zinki, chuma na kalsiamu ambavyo kwa samaki mkubwa hutupwa au kubaki kwenye mfupa, kwake vinaingia tumboni. Minofu ya sangara inakwenda viwandani na kupanda ndege, huku kwetu yakibaki mapanki. Dagaa bado wanapatikana katika soko la Mwaloni Kirumba kwa kipimo cha kopo. Wale walioanikwa mchangani waoshe mara tatu kwa maji ya vuguvugu, kisha wakaange na nyanya na ukamulie ndimu. Ndimu inausaidia mwili kunyonya chuma. Chai ya rangi inafanya kinyume, na hapa wengi tunakosea: tunakula dagaa, tunateremshia na chai palepale. Isubiri saa moja. Ugali wa dona nao una asidi fitiki inayoshika zinki na chuma visinyonywe, ingawa kuloweka na kuchachusha nafaka hupunguza kero hiyo.

Kuna wezi wengine wa chuma ambao mlo peke yake hauwashindi. Kichocho cha tumbo kimezoeleka kando ya ziwa, na minyoo safura ipo. Wote wawili humpotezea mtu damu polepole. Mama anayelalamika nywele zimekatika na anachoka akipanda mlima wa kwake apimwe damu na choo kabla ya kuuziwa vidonge vya nywele.

Mba yenyewe hutibiwa kichwani. Shampuu yenye ketokonazoli asilimia 2 hupatikana maduka ya dawa. Ile ya seleniamu salfaidi pia inafaa. Siri yake ni muda: povu likae dakika tano juu ya ngozi ndipo lisuuzwe, na wengi huliondoa kabla halijafanya kazi. Mara mbili kwa wiki kwa mwezi mmoja, baadaye mara moja kila baada ya wiki moja au mbili, kwa sababu kuvu haondoki, anapunguzwa tu. Mwenye nywele kavu za kukatika aanze na mara moja kwa wiki, apake kwenye ngozi na si kwenye ncha. Aliyesuka aichanganye na maji kidogo, apitishe kwenye mistari. Mafuta yapakwe kwenye nywele, ngozi iachwe ipumue.

Mtoto wa shule ya msingi mwenye mabaka ya duara yenye ukoko na nywele zilizokatikia kwenye ngozi hana mba. Hayo ni mapunye, huambukizwa kwa mashine ya kunyolea, kofia na kitana cha kuazimana, na shampuu pekee haiyamalizi. Anahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki sita hadi nane, na wenzake wa nyumbani watazamwe vichwa.

Na mtu mzima ambaye mba imemlipukia ghafla, ikashuka kwenye nyusi, nyuma ya masikio na kifuani, na shampuu haisogezi kitu, asibaki kibarazani akibadilishiwa mafuta. Miongoni mwa watu wanaoishi na VVU hali hii hutokea mara nyingi zaidi na kwa ukali zaidi, wakati mwingine kabla ya dalili nyingine yoyote. Kipimo cha VVU hakilipiwi katika vituo vya serikali, na dawa za VVU zikianza kufanya kazi, ngozi ya kichwa nayo mara nyingi hutulia.