Hesabu za Wasioaminiana (2): Nani Atoe wa Mwisho?

Toleo lililopita tuliona jinsi mtu anavyoweza kujifunga kwa hesabu: anachagua namba, anaipitisha kwenye heshi, yaani kanuni inayoigeuza kuwa alama isiyorudishika nyuma, anamtumia mwenzake ile alama tu. Tangu hapo hawezi kuibadili namba yake bila kujulikana, na mwenzake hawezi kuisoma. Leo tuitie kazini ahadi hiyo.

Tuseme wafanyabiashara wawili wa dagaa, mmoja yuko Mwigobero mjini Musoma, mwingine Bunda, wamekodi fuso moja. Kila mmoja anataka gari lianzie kwake. Wanakubaliana kupiga kura kwa simu. Kurusha shilingi hakufai, maana anayeirusha ndiye pekee anayeiona. Mwanahisabati Manuel Blum aliandika suluhisho la shauri hili mwaka 1981, na kwa vifaa vya leo liko hivi: wa Musoma anachagua namba ndefu bila mpango, anaipitisha kwenye heshi iitwayo SHA-256, anatuma alama yake yenye herufi na tarakimu 64. (Namba iwe ndefu kweli. Akichagua kati ya moja na mia, wa Bunda atazijaribu zote kabla chai haijapoa.) Wa Bunda anakisia, witiri au shufwa. Ndipo wa Musoma anaitaja namba yake, wa Bunda anaihakiki kwa heshi ileile. Akiwa amepatia, gari ni lake.

Itifaki hii ni nzuri, ila ina kona moja. Wa Musoma akishapokea neno “witiri” anajua papo hapo nani kashinda, ilhali wa Bunda bado anasubiri. Akiona kashindwa, anazima simu. Baadaye atasema chaji iliisha, na huwezi kumbishia, kwa sababu chaji kweli huisha na mtandao kweli hukatika. Hesabu haina namna ya kutofautisha mwizi na betri mbovu.

Kwa kura ya fuso dawa ipo: watangulie kukubaliana kwamba anayepotea hewani kashindwa. Sharti hili linatosha kwa sababu tunajua kila mmoja anatamani nini. Haliwezi kutosha pale ambapo wote wawili wanahitaji jibu lenyewe, na anayetoroka anaondoka nalo. Mwaka 1986 Richard Cleve alithibitisha kwamba watu wawili wakihitaji kupata sarafu moja isiyopendelea upande wowote, itifaki yoyote watakayoitunga itaacha mwanya wa anayejitoa kuipinda. Ukiongeza raundi mwanya unapungua, lakini hauzibiki.

Sababu yake inaeleweka hata bila kalamu. Mwanzoni hakuna anayejua matokeo, mwishoni wote wanajua. Ujumbe unapita mmoja baada ya mwingine. Basi lazima iwepo hatua ambapo mmoja kamtangulia mwenzake, na mwenye nia mbaya ataisubiri hatua hiyohiyo.

Sasa tuhamie Butiama. Duka la huko limeagiza magunia ya dagaa kutoka Musoma, na mzigo unasafirishwa kwa basi. Muuzaji anaogopa kutuma mzigo kabla ya pesa, mnunuzi anaogopa kutuma pesa kabla ya mzigo. Njia mojawapo ya kutoka hapo ni hii: muuzaji anapakia, anapewa risiti ya mzigo, anaipiga picha huku ameziba namba kwa dole gumba, anaituma WhatsApp. Mnunuzi anaona kwamba mzigo umeandikishwa kweli, analipa kwa simu, ndipo anatumiwa namba ya kuchukulia. Dole gumba lile linafanya kazi ya heshi, japo kwa udhaifu wake: risiti inaweza kughushiwa. Na bado swali la Cleve lipo palepale. Baada ya pesa kuingia, nani anamlazimisha muuzaji kutoa namba?

Upande wa pili nao una ujanja wake. Kuna mnunuzi anayetuma meseji ya kughushi ya malipo, kwa hiyo muuzaji mzoefu hasomi meseji, anaangalia salio. Kuna anayelipa kweli, akishachukua mzigo anapiga simu kwa kampuni ya simu kudai kwamba alikosea namba, muamala urudishwe. Huyu ndiye hasa anayenivutia kama mwalimu wa hesabu, kwa kuwa amegundua kwamba hatua ya mwisho ya itifaki si ile tuliyodhani. Ukiweza kuifuta hatua uliyokwisha kuifanya, wewe ndiye wa mwisho.

Even na Yacobi mwaka 1980, kisha Pagnia na Gärtner mwaka 1999, walionyesha kwamba kubadilishana kwa haki kamili hakuwezekani bila mtu wa tatu anayeaminiwa na wote. Pesa za simu, zilizoingia Tanzania mwaka 2008 na M-Pesa, hazikukwepa kanuni hiyo. Zenyewe ndizo mtu wa tatu: pesa inatoka kwako na kuingia kwa mwenzako ndani ya daftari moja la kampuni. Lakini gunia haliingii kwenye daftari hilo.

Je, mtu huyo wa tatu, yaani msuluhishi, lazima akae katikati kila mara? Asokan, Schunter na Waidner walijibu mwaka 1997 kwamba hapana: wawili wamalizane wenyewe, naye aitwe pale tu mmoja anapokwama, akiwa na ushahidi wa kutosha kukamilisha kilichobaki. Napenda wazo hili kuliko yote, maana linapunguza kazi ya msuluhishi bila kujidai kwamba hahitajiki.

Wengine walipendekeza wawili wabadilishane siri zao bila msuluhishi, biti kwa biti, nitoe moja nawe utoe moja, ili atakayetoroka awe amemzidi mwenzake kwa biti moja tu. Inapendeza kwenye karatasi. Lakini biti chache zikibaki, mwenye kompyuta kubwa atazibahatisha zote kwa dakika, mwenye simu ndogo Butiama atahitaji miaka.

Tangu mwaka 2014 imezuka njia ya dhamana: kila mmoja anafungia pesa kwenye mfumo kama wa bitcoin, na anayejitoa katikati anaipoteza, inalipwa mwenzake. Kihesabu imesimama imara. Lakini dhamana ikitaka kuuma lazima ilingane na thamani ya mzigo, na muuzaji wetu wa Mwigobero mtaji wake wote uko ndani ya yale magunia. Hana cha kufungia.

Itaendelea.