Mabawa Nyuma ya Gari

Huko Marekani mwenye gari aweza kulipa ada ya ziada akajichagulia herufi za kibao chake cha nambari, na wapenda urubani aghalabu hujiandikia maneno ya kuruka. Mapenzi hayo yamezishika hata serikali za majimbo. North Carolina hujisifu kwenye vibao kuwa ya kwanza katika kuruka, kwani tarehe 17 Disemba 1903 ndege ya Wilbur na Orville Wright ilipaa kwenye mchanga wake kwa sekunde 12. Ohio nayo yajiita mahali urubani ulipozaliwa, maana ndugu hao walikuwa wakazi wa Dayton. Mwaka 2021 Ohio ilichapa maelfu ya vibao, bango limefungwa puani mwa ndege badala ya mkiani! Ikabidi vichapwe upya.

Katika ugomvi huo wa sifa, dada yao Katharine hatajwi. Orville alipoanguka na ndege mwaka 1908, mwalimu huyu wa Kilatini aliliacha darasa lake, akamuuguza hospitalini kwa majuma kadhaa. Februari 1909, mjini Pau, Ufaransa, Wilbur alimpandisha ndegeni, naye akaruka.