Mtoto akichuchumaa kama chura, hajaadhibiwa

Mwezi uliopita mama mmoja alinitumia picha aliyoipata kwenye kundi la WeChat la darasa la mwanawe. Watoto wamechuchumaa kwa mstari, viganja wameviunganisha kifuani. Chini yake ameandika: “Dada, mwanangu kaadhibiwa? Au wanamfundisha kusali?”

Hapana, si adhabu wala sala. Ilikuwa yoga. Lakini sikumcheka, kwa sababu wengi wetu tulirushwa kichura shuleni tukichelewa namba, na mwili haujasahau.

Hapa China chekechea huchukua watoto wa miaka 3 hadi 6, na mazoezi ya mwili ni sehemu ya malezi yenyewe. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2012 unasema mtoto akae nje angalau saa 2 kwa siku, na saa 1 kati ya hizo iwe ya mazoezi. Ndiyo maana asubuhi unasikia muziki uwanjani. Chekechea nyingine huongeza yoga, na mvua za Guangzhou unazijua: mchezo unaoweza kufanyika ndani, juu ya mkeka, ni msaada mkubwa kwa mwalimu.

Yoga ya watoto wadogo ni kuiga. Wanakuwa mti, paka, nyoka, kipepeo. Kusimama kama mti, mguu mmoja, kunajenga mizani ya mwili: mtoto wa miaka 4 huweza sekunde chache tu, wa miaka 5 wengi hufika 10. Paka na nyoka huimarisha mgongo na mabega, ambavyo mtoto atavihitaji akikaa dawatini kuandika. Halafu kuna pumzi. Ukitoa pumzi polepole, mapigo ya moyo nayo hupungua kasi. Mtoto aliyekasirika anapata kitu cha kufanya badala ya kupiga au kulia. Tafiti kuhusu watoto wa umri huu bado ni ndogo, ila baadhi zinaonyesha kwamba yoga huwasaidia kutulia na kusikiliza. Haitibu huzuni, na asikudanganye mtu kwamba inatibu.

Kwa watoto wetu nimeona faida nyingine, na kwangu mimi ndiyo kubwa. Wakati wa hadithi, mtoto asiyejua Kichina anakaa kama mgeni msibani. Kwenye yoga haachwi nyuma. Anamtazama mwalimu, anainua mguu, anaanguka, na wenzake nao wanaanguka, wanacheka pamoja. Wakihesabu yi, er, san, naye anahesabu. Kwa dakika hizo kumi na tano hakuna cha kutafsiri.

Sasa suala la dini. Yoga ilizaliwa India na ina mizizi katika Uhindu, hilo halifichwi. Kinachofanyika katika darasa la chekechea kwa kawaida ni mazoezi tu. Baraza la maulamaa la Indonesia mwaka 2009 lilikataza yoga yenye ibada na mantra, likaruhusu ile ya mazoezi peke yake. Saudi Arabia iliikubali kama mchezo mwaka 2017. Huko Encinitas, California, wazazi walipeleka shauri mahakamani, na mwaka 2013 jaji akaamua kwamba yoga ya shule zao haikuwa mafundisho ya dini. Hata hivyo mtoto ni wako. Omba kukaa darasani siku moja uone mwenyewe, na kama dhamiri yako bado inakataa, tutaomba apewe mchezo mwingine.

Kuna jambo moja nakuomba umwambie mwalimu mapema. Mwisho wa yoga watoto hulala chali na kufumba macho. Mtoto aliyewahi kukimbia usiku, au kulala porini, anaweza kuogopa hapo hapo. Aruhusiwe kufumbua macho, au kukaa karibu na mlango. Pia asisukumwe mgongo wala kuvutwa mguu ili ajikunje zaidi. Akisema inauma, aache. Mambo ya kusimama kwa kichwa si ya umri wake.

Nyumbani, hata kama chumba chenu ni kimoja, jaribuni kabla ya kulala. Mwambie ashike bakuli la uji wa kuwaziwa: anusa harufu polepole, kisha apulize kuupoza, polepole zaidi, mara tano. Nawe fanya naye.

Mwalimu anaitwa laoshi, na yoga kwa Kichina ni yujia. Ukitaka twende pamoja kuzungumza naye, niambie siku mbili kabla. Yule mama nilikwenda naye Jumanne. Mwanawe alituonyesha mti, akasimama mpaka si, yaani nne, akamwangukia mama yake.