Je, Wajua? Deni la Nchi Nalo Lina Soko

Je, wajua kwamba anayeidai nchi leo huenda siye aliyeikopesha? Mwaka 1979 Romania iliikopesha Zambia takriban dola milioni 15 za kununulia matrekta na zana nyingine za kilimo. Zambia ikashindwa kulipa, riba ikazaa riba, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 deni lilikuwa limekaribia dola milioni 30. Serikali hizo mbili zikakaa mezani, zikawa zinaelekea kulimaliza kwa dola milioni 3 na ushei tu. Kabla hazijatia saini, Donegal International, kampuni iliyosajiliwa katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, ikalinunua deni lenyewe kwa bei hiyohiyo. Hiyo ilikuwa 1999. Baadaye ikaiburuta Zambia hadi Mahakama Kuu ya London, ikidai dola milioni 55. Jaji aliwakemea mashahidi wa kampuni kwa kutosema kweli, lakini mkataba ni mkataba: mwaka 2007 aliamuru Zambia ilipe takriban dola milioni 15.5. Hukumu hiyo ilitolewa baada ya wadai wengine kuisamehe nchi hiyo madeni ili ipate fedha za shule na zahanati. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwabana wanunuzi wa aina hii mwaka 2010. Kwa Zambia ilikuwa imechelewa.

Je, wajua kwamba meli ya kivita iliwahi kukamatwa kwa deni? Oktoba 2012, Libertad, meli ya milingoti mitatu ambamo makuruta wa jeshi la majini la Argentina hupata mafunzo, ilitia nanga Tema, Ghana, kwa ziara ya kirafiki. Mahakama ya Ghana ikaizuia. Aliyeomba izuiwe ni NML Capital, mfuko wa Cayman uliokuwa umenunua kwa bei ya kutupwa hatifungani ambazo Argentina iliacha kuzilipa mwaka 2001. Mabaharia wengi walirudishwa kwao kwa ndege, wakabaki wachache wa kuilinda. Wafanyakazi wa bandari walipotaka kuihamisha gatini, walinzi hao wakawaelekezea bunduki. Desemba, mahakama ya kimataifa ya sheria ya bahari, yenye makao yake Hamburg, iliamuru iachiwe. Mwezi uliofuata Rais wa Argentina alisafiri ng'ambo kwa ndege ya kukodi, kwa hofu kwamba ile ya serikali nayo ingekamatwa. Mwaka 2016 nchi hiyo ilisalimu amri, na kampuni mama ya mfuko huo ikaondoka na zaidi ya dola bilioni 2.

Je, wajua kwamba Haiti ilikopa Paris ili iilipe Paris? Mwaka 1825 Mfalme Charles X alituma manowari kudai faranga milioni 150, fidia ya walowezi waliopoteza mashamba na watumwa. Kwa awamu ya kwanza Haiti ilikopa milioni 30 katika benki za Kifaransa. Mkononi ilipata 24; sita zilikatwa mapema.

Je, wajua kwamba Februari 2024 Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili iwalipe waliokuwa wakiidai kwa asilimia 6.875? Ghali, ndiyo. Ila wenye mitaji waliacha kuogopa, na dola iliyokuwa ikiuzwa karibu shilingi 160 mwezi Januari ikashuka chini ya 135 kabla Machi haijaisha.

Je, wajua kwamba Sultani wa Zanzibar aligharimia pwani yake mwenyewe? Mwaka 1890 Ujerumani ilimlipa marki milioni 4, sawa na pauni 200,000, ikachukua pwani ya Tanganyika. Mwambao wa Kenya ulikuwa umekodishwa kwa kampuni ya Imperial British East Africa. Kampuni iliposhindwa kazi mwaka 1895, zilitumika pauni 200,000 za Sultani kuilipa iachie mkataba. Pwani haikurudi mikononi mwake. Serikali ya Uingereza iliishika, ikawa inampa kila mwaka pauni 11,000 za kodi na 6,000 nyingine kama riba ya zile pauni zake. Jumla 17,000, na hapo ndani imo Mombasa, imo Malindi, imo na Lamu.