Gurami: Samaki mpole anayewahadaa wafugaji wake

MIONGONI mwa samaki wa mapambo wanaofugwa katika matangi ya kioo majumbani, gurami ana bahati mbaya ya kuponzwa na sifa yake njema. Samaki huyu, ambaye asili yake ni nchi za Asia ya Kusini na Kusini Mashariki, ana uwezo wa kuvuta hewa juu ya maji. Kwa sababu hiyo hunadiwa kuwa ni samaki asiye na makuu, anayeweza kuwekwa hata katika bakuli la kioo mezani, bila chujio wala pampu.

Madai hayo ni ya kweli kwa sehemu ndogo tu, na anayeyalipia ni samaki mwenyewe.

Juu ya matamvua ya gurami kuna kiungo ambacho wanasayansi hukiita labirinthi. Ni vipande vyembamba vya mfupa vilivyokunjwakunjwa na kufunikwa na ngozi laini yenye mishipa mingi ya damu. Gurami hupanda juu, humeza funda la hewa, na oksijeni huingia katika damu kupitia ngozi hiyo. Uwezo huu humfaa katika vinamasi, mitaro na mashamba ya mpunga ya kwao, ambako maji ni ya vuguvugu na oksijeni yake ni haba. Gurami anayezuiwa kabisa kufika juu anaweza kufa maji, ingawa ni samaki. Afrika nayo ina jamaa zake wenye kiungo kama hicho, hasa katika mito na vinamasi vya bonde la Kongo.

Lakini kuvuta hewa ni jambo moja, na kustahimili sumu ni jambo jingine. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo huyaunguza matamvua. Gurami bado anayo matamvua, na amonia humdhuru kama inavyomdhuru samaki mwingine yeyote. Kinachomwokoa ni bakteria wanaoota katika chujio na changarawe, ambao huigeuza amonia kuwa naitraiti, nayo pia ni sumu, kisha kuwa naitreti, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kuenea katika tangi jipya. Anayenunua tangi na samaki siku moja huwa amewatanguliza samaki mahali ambapo kinga yao bado haijakuwapo.

Hapa ndipo gurami anapomhadaa mfugaji. Samaki wengine wakizidiwa hukimbilia juu wakitweta, na mwenye nyumba hutambua kuwa kuna tatizo. Gurami yeye hupanda juu kila siku akiwa mzima, hivyo dalili hiyo hupita bila kuonekana. Cha kutazamwa ni matamvua yanayopigapiga upesi, mapezi yaliyobanwa mwilini, rangi iliyofifia, na samaki anayejibanza pembeni hata wakati wa chakula.

Jambo la pili linalowaponza wafugaji ni jina. Neno gurami limewakusanya samaki wenye tabia zisizofanana hata kidogo. Gurami jitu huweza kufikia sentimita 70, na huko Indonesia hufugwa kwa ajili ya kitoweo. Gurami anayebusu hukua hadi kukaribia sentimita 30, na hilo linaloitwa busu mara nyingi ni madume wawili wakipimana nguvu. Gurami wa buluu, mwenye madoa ubavuni, ni mgomvi kadiri anavyokua. Wote hawa wanaweza kuuzwa wakiwa wadogo, na mnunuzi asijue anachokipeleka nyumbani.

Anayetaka amani ana chaguo mbili zilizo bora. Ya kwanza ni gurami wa lulu, ambaye jina lake la kisayansi ni Trichopodus leerii. Hufikia sentimita 12 hivi, mwili wake umetapakaa vidoa vyeupe, na dume aliyekomaa huwa na rangi ya chungwa kooni na kifuani. Huhitaji tangi la lita 120 au zaidi. Ya pili ni gurami wa asali, Trichogaster chuna, wa India na Bangladesh, ambaye hufikia sentimita 5 tu na hutosheka na tangi la lita 60. Gurami kibeti, mwenye mistari myekundu na samawati, huvutia macho zaidi dukani, lakini madume wake hawapatani, na wengi wanaozalishwa mashambani wamekumbwa na ugonjwa wa virusi usio na tiba.

Hata hao wapole hubadilika wakati wa kuzaliana. Dume hujenga kiota cha viputo vya povu juu ya maji na kumfukuza kila anayekaribia, akiwamo jike aliyekwisha kutaga. Ndiyo maana inashauriwa dume mmoja awe na majike 2 au 3, na tangi liwe na mimea mingi, mingine ikielea, ili anayefukuzwa apate mahali pa kujificha.

Maji yawe na joto la nyuzi 24 hadi 28, na mkondo wa chujio uwe dhaifu, kwani gurami si samaki wa maji yaendayo kasi. Kila wiki ibadilishwe robo ya maji. Maji ya bomba yatiwe kwanza dawa ya kuondoa klorini.

Majirani wachaguliwe kwa uangalifu. Wanaojulikana kwa kudonoadonoa mapezi watazikata nyuzi ndefu za tumboni ambazo gurami huzitumia kupapasia. Aidha, samaki wetu maarufu wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa hawafai kuchanganywa naye: ni wakali, na huhitaji maji magumu zaidi.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, gurami atavumilia kuliko wenzake, kwa kuwa hewa ya juu bado anayo. Bakteria wa kwenye chujio lililozimika hawana bahati hiyo. Hukosa oksijeni na kuanza kufa. Kwa hiyo umeme unaporejea, ni vyema kulisuuza chujio ndani ya ndoo yenye maji yaliyotolewa tangini, si ya bomba, kabla ya kuliwasha, na kupunguza chakula kwa siku 2 au 3.