Kubadilisha rejeta ya taulo kuwa ya umeme

'''Rejeta ya taulo''' ni kifaa cha kupasha joto kinachofungwa kwenye ukuta wa bafu. Kina umbo la ngazi: mabomba mawili ya wima yanayounganishwa na vibomba vingi vya ulalo, ambavyo taulo hutundikwa ili zikauke. Ni kifaa cha kawaida katika nyumba za Ulaya. Nchini Uingereza nyumba nyingi zina boila ya gesi inayopasha maji, na pampu huyazungusha katika rejeta zote wakati wa baridi. '''Kuibadilisha kuwa ya umeme''' ni kuweka hita ndani ya rejeta hiyo ili ipate joto bila kutegemea boila.

== Sababu ==
Katika miezi ya joto boila haipashi vyumba, kwa hiyo rejeta ya bafuni hubaki baridi na taulo hubaki na unyevu. Kuwasha mfumo mzima kwa ajili ya taulo mbili ni kupasha pia vyumba vya kulala ambavyo tayari vina joto. Wengine hubadilisha kwa kuwa bafu jipya liko mbali na mabomba, au kwa kuwa boila inaondolewa kabisa.

Umeme wenyewe si nafuu: nchini Uingereza yuniti moja ya umeme huuzwa kwa bei mara kadhaa ya yuniti ya gesi. Nafuu hupatikana kwa kuwasha muda mfupi tu. Hita ya wati 300 ikiwashwa saa mbili hutumia yuniti 0.6.

== Hita ==
Hita ni fimbo ya chuma yenye koili ndani, na hufanya kazi kama ile inayotumbukizwa katika ndoo ya maji ya kuoga. Tofauti ni kwamba shingo yake ina nyuzi za skrubu, kwa kawaida za nusu inchi, ili ikazwe kwenye tundu la rejeta.

Tundu hilo lazima liwe la chini, na fimbo isimame wima ndani ya bomba. Maji yaliyopata joto hupanda, ya baridi hushuka, na mzunguko hutokea bila pampu. Hita ikifungwa juu ingekaa kwenye hewa na kuungua. Kwa sababu hiyohiyo hairuhusiwi kuijaribu kabla rejeta haijajazwa.

Nguvu ya hita hulinganishwa na joto ambalo rejeta inaweza kulitoa. Ikizidi, themostati huizima na kuiwasha mara kwa mara bila faida. Ikipungua, taulo hazikauki. Rejeta ya kromu, ingawa inapendeza, hutoa joto dogo kuliko ya ukubwa uleule iliyopakwa rangi nyeupe.

== Umeme pekee ==
Valvu zote mbili hufungwa, maji hutolewa, rejeta hutenganishwa na mfumo na ncha za mabomba huzibwa kwa vifuniko vya chuma. Valvu yenye themostati haiaminiki kwa kazi hii, kwani nyingi hujifungua zenyewe baridi inapokuwa kali ili maji yasigande, na bafu linaweza kufurika.

Fundi bomba huangalia jambo jingine pia. Katika nyumba nyingi rejeta ya bafuni huachwa wazi daima ili maji yawe na njia valvu za vyumba vingine zinapojifunga. Ikiondolewa, pampu inaweza kusukuma maji yasiyo na pa kwenda, hivyo njia nyingine huwekwa kwanza.

Rejeta hujazwa kutoka juu kwa maji yaliyotiwa dawa ya kuzuia kutu, au kwa kimiminika kinachopendekezwa na mtengenezaji. Kosa kubwa ni kuijaza hadi ukingoni. Maji yakipashwa kutoka nyuzijoto 20 hadi 70 hutanuka kwa takriban asilimia 2; katika rejeta ya lita 6 hizo ni kama mililita 120. Maji hayashindiliki, na yakikosa nafasi husukuma viungio hadi vivuje au kupasuka. Ndiyo maana nafasi ya hewa huachwa juu. Mafundi wengi huwasha hita kizibo cha juu kikiwa wazi, huacha maji ya ziada yamwagike kwenye kitambaa, kisha hufunga kizibo rejeta ikiwa bado ya moto.

== Kutumia boila na umeme ==
Rejeta inaweza kubaki kwenye mfumo wa boila na kuongezewa hita kwa kiungio chenye umbo la herufi T. Wakati wa umeme, valvu ya maji yanayoingia hufungwa ili joto lisivujie kwenye mabomba ya nyumba. Valvu ya pili huachwa wazi, kwani maji yanayotanuka hupitia hapo kwenda kwenye tangi la upanuzi la mfumo. Zikifungwa zote mbili, hatari ya shinikizo hurudi.

== Usalama wa umeme ==
Mwili wenye maji hupitisha umeme kwa urahisi zaidi kuliko mkavu, na mtu aliye bafuni hugusa mabomba kwa mikono mitupu. Kanuni za Uingereza, BS 7671, hugawa bafu katika kanda. Eneo lililo juu ya beseni la kuogea hadi mita 2.25 kutoka sakafuni ni kanda ya 1, na sentimita 60 kutoka hapo ni kanda ya 2. Hita iliyo katika kanda hizo lazima iwe na kinga dhidi ya maji yanayorushwa. Saketi hulindwa na swichi inayokata umeme unapovuja miliampea 30, na chuma cha rejeta huunganishwa na waya wa ardhi.

Swichi yenye fyuzi mara nyingi huwekwa nje ya mlango wa bafu. Kwa volti 230, fyuzi ya ampea 3 hutosha hita isiyozidi wati 690. Tangu 2005, England na Wales zina kanuni za ujenzi zinazohusu umeme wa nyumbani: kuongeza saketi mpya huarifiwa kwa halmashauri, au hufanywa na fundi umeme aliyesajiliwa anayetoa cheti.